Stelingi mpya, mhusika yule yule

Swali: Naandika makala kuhusu tamthilia ya Doctor Who. Nimeandika, "Mwaka 1966 mhusika mkuu alibadilishwa." Mwenzangu anasema nimekosea, mhusika ni yule yule. Niandikeje? Na huyo adui anayerudi kila mara, ni adui "wake" au "yake"?

Jibu: Mwenzako kakushinda. Mhusika ni mtu wa kwenye hadithi. Mwigizaji ni mtu wa kwenye orodha ya mishahara. Aliyeondoka mwaka 1966 ni William Hartnell, afya ikiwa imemwishia, akaingia Patrick Troughton. BBC hawakutaka kuizika tamthilia iliyoanza Novemba 1963, basi ile sura mpya wakaiingiza kwenye hadithi yenyewe: Daktari, huyo mhusika mkuu, si binadamu, mwili wake ukichoka hugeuka mwingine. Kwa hiyo andika hivi: mwigizaji *alibadilishwa*, maana kuna watu walikaa ofisini wakaamua, mhusika *alibadilika*, maana jambo lilimtokea mwenyewe. Ningekupa hata "alijivua gamba", ila tangu CCM walitumie mwaka 2011, msomaji wa Tanzania ataanza kutafuta mafisadi kwenye skrini.

Nadhani kinachotuponza ni neno letu la vibanda vya video, stelingi. Linamtia mhusika na mwigizaji kapu moja. Kwa filamu ya saa mbili halina shida, na kila mtoto anajua stelingi hafi. Huyu wa BBC hufa kidogo, kisha huamka na uso wa mtu mwingine.

Kwa upande mwingine Kiswahili kinakubeba. Jodie Whittaker alipotangazwa mwaka 2017 kuwa Daktari wa kwanza mwanamke, Waingereza ilibidi wabadili kiwakilishi. Sisi "Daktari alifungua mlango" inabaki ilivyo, awe Whittaker au Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Rwanda.

Tahadhari na The Master, hasimu aliyeingia mwaka 1971. Mwigizaji wake wa kwanza, Roger Delgado, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1973. Wengine wakaupokea uhusika, na mwaka 2014 mwanamke, Michelle Gomez, akaja nao kwa jina la Missy. Ukiwa ulishamtafsiri "Bwana", hapo umekwama. "Mkuu" humfaa mwanamume na mwanamke.

Sasa adui. Sema *adui yake*, kama rafiki yake na ndugu yake. Kitenzi na kivumishi humhesabu kuwa kiumbe (adui mkubwa amerudi), lakini kimilikishi hushika njia ya I/ZI: adui yake, adui zake. Ukitanguliza ma-, "maadui wake" haina kosa.

Hukuuliza kuhusu Dalek, maadui wengine wa Daktari, lakini utafika tu, maana wamo tangu Desemba 1963 na hawaishi kurudi. Wengi huandika "Dalek inapiga kelele" kwa kudhani ni roboti. Si roboti. Ndani ya lile debe la chuma mna kiumbe hai, laini, mwenye chuki. Basi ni "Dalek anapiga kelele", "Dalek wamerudi". Kiumbe akitolewa likabaki debe lenyewe, hapo ndipo uandike "limesimama".