Upinzani wa mtu mmoja Barbados

Swali: Mhariri sema, niko Kondele hapa Kisumu, tumebishana base na maboyz ati Barbados chama kimoja kilibeba viti vyote bungeni, sasa upinzani ulitoka wapi?

Jibu: Ni kweli bro, uchaguzi wa 2018 BLP (chama cha Barbados Labour Party) ya Mia Mottley, aliyekuja kuwa waziri mkuu, ilizoa viti vyote 30. Siku chache tu baadaye Joseph Atherley, askofu aliyeshinda kwa tiketi hiyo hiyo ya BLP, akahama akawa kiongozi wa upinzani, yeye pekee yake dhidi ya watu 29 (si mchezo hiyo), na akapata nafasi ya kupendekeza maseneta wawili. Kwetu ukihama chama kiti kinaenda, yeye alibaki nacho. 2019 akaanzisha chama chake, lakini 2022 kura zikamkataa, BLP ikabeba 30 tena.