Mdai au Mjidai?

SWALI: Mhariri, salaam nyingi kutoka Mafinga, ambako ninafundisha Historia katika sekondari. Katika kitabu kimoja cha tafsiri nimekuta James Stuart, mwana wa Mfalme James wa Pili wa Uingereza, akiitwa "mjidai mzee", na mwanawe Charles akiitwa "mjidai kijana". Wanafunzi wananiuliza: ikiwa baba alikuwa mfalme halali, mtoto anajidai nini? Na ilikuwaje kiti kikaenda kwa Mjerumani?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wamemkamata mfasiri. Neno la Kiingereza walilopewa hao wawili lilitokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kudai haki, ingawa pia hutumika kwa mtu anayejifanya asivyo, utata ambao uliwafaa sana maadui zao. Kiswahili hakina taabu hiyo: mdai huleta shauri lake barazani, mjidai hujitapa kwa kisicho chake. Basi waandikie ubaoni "mdai".

Hata hivyo, wako waliosema kwa dhati kwamba James alikuwa bandia. Alizaliwa tarehe 10 Juni 1688, baba yake akiwa Mkatoliki katika nchi ya Waprotestanti, ambao walikuwa wamevumilia kwa sababu warithi walikuwa mabinti zake wawili Waprotestanti, Mary na Anne. Mtoto wa kiume aliwaruka dada zake wote wawili. Ndipo ulipozuka uvumi kwamba mtoto wa watu aliingizwa chumbani kwa malkia ndani ya chombo cha kupashia kitanda joto, yaani sufuria ya makaa yenye mfuniko na mpini mrefu, inayopitishwa katikati ya mashuka (faida yake mtu wa Mafinga ataiona mwezi huohuo wa Juni). Chumba kilikuwa kimejaa watu wakati wa uzazi, na mfalme alikusanya viapo vya mashahidi, lakini uvumi haukufa, na kabla ya mwaka kwisha yeye mwenyewe alikuwa amekimbilia Ufaransa.

Kiti kikapewa Mary na mumewe William, kisha Anne. Mwaka 1701 Bunge lilipitisha sheria kwamba Mkatoliki asitawale, wala aliyeoa Mkatoliki. Kwa hiyo Anne alipofariki tarehe 1 Agosti 1714 bila kuacha mtoto, watu zaidi ya 50 waliokuwa karibu zaidi kwa damu waliachwa, akaitwa George wa Hanover, ambaye mama yake alikuwa mjukuu wa Mfalme James wa Kwanza. Huyo ndiye Mjerumani wenu.

Huku kwetu Iringa, Munyigumba, mtawala wa Wahehe, alipofariki, mwanawe Mkwawa na mpinzani wake Mwambambe waliamua shauri la urithi kwa mikuki, na akina Stuart nao, waliposhindwa na sheria, walijaribu silaha. Jaribio la mwaka 1715 lilizimika upesi. Mwaka 1745 Charles alishuka Uskoti na watu wachache, akaingia Edinburgh, na mwanzoni mwa Desemba alikuwa Derby, kama kilomita 200 tu kutoka London. Wakuu wake wakamlazimisha kurudi, kwa kuwa Waingereza waliotarajiwa kumuunga mkono hawakujitokeza kwa wingi na msaada wa Ufaransa haukuonekana. Tarehe 16 Aprili 1746, huko Culloden, jeshi lake lilivunjwa kwa muda usiotimia saa moja na Duke wa Cumberland, mwana wa Mfalme George wa Pili: mwana wa mdai na mwana wa mfalme, kila mmoja ana miaka 25. Charles alitangaziwa zawadi ya pauni 30,000 kwa atakayemkamata, akajificha miezi mitano, wakati mmoja akivuka bahari katika mavazi ya mtumishi wa kike, na hakuna aliyemuuza.

Alifariki Roma mwaka 1788. Dai likabaki kwa mdogo wake Henry, kadinali, ambaye uzeeni, baada ya kufilisiwa na vita vya Ulaya, alipokea pauni 4,000 kwa mwaka kutoka kwa George wa Tatu, mtu yuleyule aliyekalia kiti anachokidai.