Maswali na majibu: leti ya CNC ya zamani inapogoma kurudi homu

Safari hii nimechagua maswali ya homu peke yake, yaani ile pointi ya rejea ambayo leti (mashine ya kukereza chuma inayoendeshwa na kompyuta) huanzia kupima, maana yamejaa kwenye foleni na mengi yana ugonjwa mmoja: mtu anaandika "home haishiki", hasemi mashine gani wala imekosea kwa kiasi gani, halafu anauliza bei ya bodi. Jamani bodi ndio kitu cha mwisho kufa kwenye hii habari.

Swali: Fundi naomba msaada, mashine yangu haihomu vizuri.

Jibu: Haihomu vizuri vipi? Inapitiliza? Inaishia njiani? Inatoa alamu? Au inafika ila vipimo vimehama? X (mhimili wa kuingia na kutoka kwenye kazi) au Z (mhimili wa kufuata urefu wa kazi)? Andika upya.

Swali: Nina leti yenye kontrola (kompyuta ya mashine) ya Fanuc ya zamani. Siku nyingine Z ikihomu iko sawa, siku nyingine tuli (visu vya kukatia) zote zimehama 10 mm kamili. Ukizima ukawasha ukahomu tena inaweza kurudi sawa. Nimeambiwa enkoda (kihisi cha mzunguko wa mota) imekufa ninunue mpya.

Jibu: Usinunue kitu. Wewe umefanya la maana kuliko wote hapa, umepima, na hiyo namba yako ndiyo jibu lenyewe. 10 mm kamili bila shaka ni pichi ya bolskruu yako (umbali ambao skruu inayosukuma mhimili inausogeza kwa mzunguko mmoja), yaani mota imekosea mzunguko mmoja mzima.

Iko hivi. Mashine hizi zikihomu mhimili unakwenda kasi mpaka dogi (kipande cha chuma kilichofungwa kwa skrubu) ibonyeze swichi, unapunguza mwendo, ukiachia swichi ndio kontrola inaanza kuitafuta ile alama ya enkoda inayotokea mara moja kila mzunguko, na hapo ndipo homu ilipo. Swichi haiamui homu iko wapi, inaamua tu mzunguko upi. Sasa kama swichi inaachia karibu kabisa na ile alama, leo itaachia kabla kidogo uikute alama hiyohiyo, kesho itaachia baada kidogo alama imeshapita, basi mashine inazunguka mzima kuitafuta nyingine. Ndio 10 mm zako hizo.

Dawa: zima, legeza dogi, isogeze kama nusu ya pichi, kwako 5 mm, kaza, homu tena. Kama kontrola ni Fanuc ya kizazi cha 0i angalia daignostiki (ukurasa wa uchunguzi) namba 302, inakuonyesha umbali toka swichi ilipoachia mpaka alama ya kwanza, unataka isomeke karibu na nusu pichi. Ukikuta iko karibu na sifuri au karibu na pichi nzima umeshampata mchawi. Kwenye kontrola za nyuma zaidi sogeza kwa handwili (gurudumu la mkono) taratibu huku unaangalia signo (ishara) ya swichi, andika inapoachia, linganisha na homu.

Utaniuliza kwa nini ianze leo wakati miaka yote ilikuwa salama. Kwa sababu rola ya swichi inalika na skrubu za dogi zinalegea, pointi ya kuachia inatambaa kidogo kidogo mpaka inafika kwenye mpaka. Au kuna mtu alifungua mota akairudisha bila kuweka alama. Na kwa wanaouliza kuhusu X, kumbuka X inasomeka kwa kipenyo, pichi ya 5 mm itaonekana 10 kwenye skrini, msichanganyikiwe. Ila mpaka umalize kurekebisha, usiendeshe programu yoyote bila kuhakiki tuli moja kwanza, 10 mm kuelekea chaki (kishikio cha kazi) ni tareti (kichwa kinachobeba tuli) iliyovunjika.

Swali: X yangu inahama kila siku kiasi tofauti, mara 0.3 mara 0.8, nimeshabadilisha swichi mara mbili na bado.

Jibu: Ulibadilisha kwa sababu gani? Soma jibu la juu. Kosa la swichi linakuja kwa mzunguko mzima, halijui kukosea 0.3. Kosa lisilo na mpangilio ni kitu kinachoteleza kati ya enkoda na skruu: kapulingi (kiungo cha mota na skruu) imelegea, puli inazunguka kwenye shafti, au kama ni mkanda umeruka jino, ingawa mkanda ukiruka jino kosa huwa la kiasi kilekile kila jino. Chukua maka peni, chora mstari mmoja unaovuka shafti na kapulingi, fanya kazi siku nzima na mikato mizito, kisha angalia. Mstari ukikatika pakaze hapo. Mstari ukiwa salama geukia beringi za mwisho wa skruu, weka dayo geji (saa ya kupimia) kwenye tareti, usukume na kuuvuta.

Swali: Z inapita swichi ya homu bila kupunguza mwendo inagonga limiti (swichi ya mwisho wa safari). Naweza kuweka jampa (waya wa kuiruka) kwenye limiti ili ifike?

Jibu: Hapana. Hiyo limiti ndiyo iliyokuokoa, halafu unataka kuifunga mdomo. Bonyeza emajensi, fungua ukurasa wa signo, kwenye Fanuc za 0i, 16 na 18 ni X9.0 kwa mhimili wa kwanza na X9.1 kwa wa pili (hiyo X ni jina la signo, si mhimili), halafu mtu abonyeze swichi kwa kipande cha mti huku wewe unatazama. Kawaida inasoma 1, ikibonyezwa 0. Ikibadilika vizuri, basi dogi ndiyo haifiki kwenye swichi; ikibaki 1 hata ikibonyezwa, ndani ya swichi pameungana. Ikibaki 0 muda wote utaona dalili tofauti, mhimili unajikokota taratibu toka mwanzo mpaka limiti. Hapo ni pini ya swichi imeganda kwa tope la kulanti (maji ya kupozea) na taka za chuma, au waya umekatika, na waya ukikatika huwa ni pale unapokunjwa kila siku ndani ya mnyororo wa kebo. Na kama inapunguza mwendo vizuri lakini haisimami, inatambaa tu hadi limiti, hapo sasa ndio tuongee habari za enkoda na kebo yake maana ile alama haionekani. Mnaona enkoda inakuja namba ngapi kwenye orodha?

Swali: Alamu 90 kila nikihomu asubuhi.

Jibu: Umeanzia karibu mno na homu, au ovaraidi (swichi ya kupunguza kasi) umeiweka chini sana. Rudisha mhimili nyuma, pandisha, jaribu tena.

Swali: Mashine ilizimwa miezi mingi, sasa inatoa alamu 300 na haikubali kitu.

Jibu: Betri za enkoda absoluti (zile zinazokumbuka homu hata mashine ikizimwa) zimekufa. Nyingi ni 6 V, zile betri kubwa nne za saizi D, na zinabadilishwa mashine IKIWA IMEWASHWA, naandika kwa herufi kubwa kwa sababu kila mara kuna mtu anazima kwanza "kwa usalama" anapoteza na mihimili mingine iliyokuwa bado nzima. Msichanganye na betri ya memori, hiyo ni nyingine. Sasa kwako homu imeshapotea, itabidi mhimili urudishwe kwenye alama zake kisha uweke upya kwenye paramita 1815, biti ya 4. Kabla ya kugusa hiyo paramita hifadhi zote nje ya mashine. Kama hujawahi kuzihifadhi hata siku moja acha hili la homu, kahifadhi kwanza, halafu urudi.

Swali: Nimebadilisha leti yangu kuwa ya mota za stepa (zinazokwenda hatua kwa hatua), swichi ya homu inajishika yenyewe katikati ya safari spindo (shafti inayozungusha kazi) ikiwa inazunguka.

Jibu: Kelele ya umeme toka kwenye invata (kifaa kinachobadilisha kasi ya mota) ya spindo. Tenganisha kebo, tumia yenye shildi (ganda la kuzuia kelele) iliyofungwa ethi upande mmoja, swichi iwe ya kawaida-imefungwa (umeme unapita isipobonyezwa) na ya 24 V badala ya 5. Halafu unahomu spindo ikizunguka ya nini?

Swali: Tuanze kuhomu X au Z?

Jibu: X, tareti itoke kwenye kazi na telistoki (kishikio cha nyuma cha kazi). Isipokuwa kama boringi baa (tuli ya kukata ndani ya tundu) iko ndani ya tundu, hapo itoe kwanza kwa Z kwa mkono.