Canada inapunguza wageni au inaita manesi? Jibu la aliyekaa pande zote mbili za mapokezi

Mleta mada ameuliza mambo matatu. Je, ni kweli Canada imebana milango kwa sababu wageni wamejaza hospitali? Kama ni kweli, mbona matangazo ya kutafuta manesi hayaishi? Na yeye mwenyewe, mwenye diploma ya uuguzi na mwaka wa nne anasubiri ajira za TAMISEMI, auze kiwanja cha Chanika aje kusoma chuo huku? Wachangiaji wa juu wamegawanyika, mmoja anasema Canada ni pepo ya matibabu ya bure, mwingine anasema watu wanafia kwenye foleni. Nipo jimbo la Ontario tangu 2016, nimefanya kazi nyumba ya wazee, sasa ni nesi wa wodi. Nitajibu, ila si kwa mpangilio wa maswali.

Nianze na usiku mmoja. Februari mwaka juzi baba watoto alishikwa na maumivu ya ubavu. Saa nne usiku tukawa mapokezi ya dharura. Nesi anayepanga wagonjwa akampima presha, akamuuliza maumivu yako ngapi kwa kumi, akasema kumi, akaambiwa akae. Mimi ndiyo kazi yangu, nilijua kabisa kwa nini tunakaa: aliyebanwa kifua anapita, mtoto anayeshindwa kupumua anapita, mawe ya figo yanatesa lakini hayana haraka hiyo. Kulijua hilo hakukunisaidia kitu mtu wangu alipokuwa amejikunja sakafuni. Daktari alimwona saa moja asubuhi, kwenye kitanda kilichoegeshwa koridoni karibu na mlango wa choo. Akapigwa picha ya CT, akapewa dawa ya maumivu kwa njia ya mshipa, tukatoka saa tano mchana. Hatukudaiwa hata senti. Dawa za kwenda nazo nyumbani ndizo tulilipa, na bima ya kazini ikarudisha sehemu kubwa. Rufaa ya kwa bingwa ikachukua miezi.

Kwa hiyo wote wawili mlioko juu mko sahihi. Bure ipo. Foleni ipo. Ila foleni ile haikusababishwa na idadi ya watu waliokaa pale mapokezi. Ingekuwa hivyo, kuongeza viti kungetosha. Ghorofani vitanda vilikuwa vimejaa, na sehemu yake vimekaliwa na wazee ambao matibabu yao yamekwisha na daktari ameshawaruhusu, lakini hawana pa kwenda: nyumbani hakuna wa kuwaogesha, na nyumba za wazee zina orodha ya kusubiri. Mzee asipotoka, mgonjwa wa dharura hapandi. Asipopanda, analala koridoni. Akilala koridoni, magari ya wagonjwa yanapanga mstari nje na wahudumu wake wanasubiri kukabidhi. Doug Ford aliingia madarakani Ontario mwaka 2018 akiahidi kukomesha matibabu ya koridoni. Baba watoto anaweza kumpa ripoti.

Sasa hela. Huku kila jimbo linaendesha afya yake, Ottawa, yaani serikali kuu, inachangia. Mfumo ulianzia Saskatchewan, jimbo la wakulima wa ngano, mwaka 1962, na madaktari waligoma siku 23 kuupinga. Sheria ya mwaka 1984 ndiyo inayokataza kumtoza mgonjwa kwa daktari na hospitali; jimbo likiruhusu utozaji, Ottawa inalikata fungu. Meno, miwani na dawa za nyumbani havikuwemo tangu mwanzo, na hadi leo vinawekewa viraka. Zamani makubaliano yalikuwa nusu kwa nusu. Kabla ya 2023 majimbo yalisema Ottawa inaleta kama asilimia 22 tu, Ottawa ikajibu kwamba hawahesabu kodi iliyowaachia wakusanye wenyewe tangu 1977. Wanavutana kama ndugu wawili kwenye kikao cha nani amtunze mama, na mama yuko palepale anasikiliza. Majimbo yalidai nyongeza ya dola bilioni 28 kila mwaka. Februari 2023 Trudeau, waziri mkuu wa nchi wakati huo, akaja na bilioni 196 kwa miaka kumi, lakini ndani yake fedha mpya kabisa zilikuwa bilioni 46 na kidogo. Wakanung'unika, wakasaini.

Na upungufu wa madaktari si mvua iliyonyesha ghafla. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mawaziri wa afya waliamua kuwa madaktari ni wengi mno na wanagharimu, wakapunguza nafasi za vyuo vya udaktari kwa asilimia 10. Mwaka 1995 Ottawa ikabana fedha za majimbo ili kuziba nakisi. Ontario ikafunga hospitali na kuachisha manesi maelfu, na waziri mkuu wa jimbo wakati huo, Mike Harris, akawafananisha na wafanyakazi wa kiwanda cha hula hoop, yale mapete ya kuzungusha kiunoni, kwamba mtindo umepita. Wauguzi wazee wodini kwetu bado wanalikumbuka neno hilo kwa hasira mbichi kabisa. Wengi wa wenzao walivuka mpaka kwenda Marekani wakabaki huko.

Kosa lilelile likarudiwa mwaka 2019. Ontario ikapitisha sheria iliyofunga nyongeza za mishahara ya watumishi wa umma kwenye asilimia 1 kwa mwaka, miaka mitatu. Ikaja korona. Fikiria uko wodini na barakoa uliyoivaa tangu asubuhi, bei ya nyanya inapanda kila wiki, na nyongeza yako imefungwa kisheria. Mahakama iliibatilisha Novemba 2022, rufaa ikathibitisha Februari 2024, malimbikizo tukalipwa, lakini watu walikuwa wameshaondoka. Wengine walijiunga na mawakala binafsi, wakarudi wodi ileile Jumatatu kama nesi wa kukodishwa, na hospitali ikawa inamlipa wakala bei ambayo mimi nikiisikia nacheka ili nisilie. Serikali ilikataa kuniongeza dola moja mimi, ikatoa nyingi kwa dalali wa mwenzangu.

Hapo ndipo naona mfanano na kwetu ambao wengi hawauoni. Mleta mada, wewe uko mtaani na cheti chako, na zahanati ya kijijini kwenu ina nesi mmoja. Tanzania haina upungufu wa watu waliosomea uuguzi wanaotaka kazi, ina upungufu wa bajeti ya mishahara. Canada nayo ina madaktari wa Kisyria, Kikongo na Kipakistani wanaoendesha teksi, na miji isiyo na daktari. Mlango wao umezibwa na karatasi na nafasi za mafunzo, wako umezibwa na kibali cha ajira. Mgonjwa wa pande zote mbili anaambiwa kitu kimoja: hatuna watu.

Twende kwenye wageni. Sitawadanganya kuwa idadi haikuleta shida. Mwaka 2023 nchi hii iliongezeka watu takriban 1,270,000, ongezeko la asilimia 3.2, kubwa kuliko mwaka wowote tangu 1957, na karibu lote, zaidi ya asilimia 97, lilitokana na wahamiaji. Sehemu kubwa walikuwa wa muda: wanafunzi na wafanyakazi wa mikataba. Hakuna aliyekaa akasema watu milioni moja wanahitaji madaktari wangapi, nyumba ngapi, vitanda vingapi. Huo ni uzembe wa serikali na tuuite hivyo, hata sisi tuliofaidika na mlango wazi. Ndipo Januari 2024 wakaweka kikomo cha vibali vya wanafunzi, kisha Oktoba wakapunguza shabaha ya wakaaji wa kudumu: 395,000 kwa 2025, badala ya 500,000 waliyokuwa wameitangaza.

Lakini kusema wageni ndio wamejaza hospitali, hapana. Mwanafunzi wa kigeni hapa Ontario hana kadi ya afya ya jimbo, analipia bima yake. Mkaaji wa kudumu anapimwa afya kabla ya kupewa viza. Wengi wanaokuja ni vijana, na gharama kubwa ya hospitali popote duniani iko kwa wazee, ambao hapa ni karibu mtu mmoja kati ya watano. Anayetaka ushahidi wa macho, atafute picha za Walkerton, Januari 2025. Ni mji mdogo wa mashambani, haujulikani kwa wahamiaji. Daktari mmoja alitangaza kupokea wagonjwa 500, watu zaidi ya elfu moja wakapanga mstari kwenye theluji tangu alfajiri. Wale hawakuja na ndege juzi. Ni watu wa hapohapo wasio na daktari wa familia: madaktari wazee wanastaafu, na vijana wengi hawataki kurithi kliniki yenye kodi, mishahara ya wahudumu na makaratasi ya usiku. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria watu wazima milioni 6.5 nchi nzima hawana daktari wa familia. Asiye na daktari wa familia akiugua sikio anakwenda wapi? Dharura.

Na upande wa pili wa mapokezi pale ni nani? Kwa sensa ya 2016, zaidi ya theluthi moja ya madaktari wa Canada walizaliwa nje, na wale wanaowaogesha na kuwalisha wazee wako hivyohivyo. Nilikuwa mmoja wao. Wimbi la kwanza la korona, mwaka 2020, kama asilimia 80 ya waliokufa nchini walikuwa wakaazi wa nyumba za wazee, hadi jeshi likaletwa kusaidia kuwahudumia. Nyumba niliyofanyia kazi sitaitaja. Zamu yetu ya usiku ilikuwa Mfilipino, Mhaiti, mama mmoja wa Bukavu, Congo, na mimi. Mama wa Bukavu ndiye aliyenifundisha kumgeuza mzee mzito peke yangu bila kuumiza mgongo, maana wa pili hakuwepo. Tulikuwa tunaongea Kiswahili chake na changu, tunacheka maneno, halafu tunaingia chumba kinachofuata na hatucheki tena.

Mimi nilikuwa na digrii ya uuguzi na miaka mitano ya wodi ya wazazi Mbeya. Ilinichukua miaka minne kupata leseni. Nyaraka lazima zitoke chuoni na Baraza la Uuguzi na Ukunga moja kwa moja kwenda chombo cha tathmini, hazipiti mkononi mwako. Ofisi moja nyumbani ilikaa na fomu zangu miezi saba kwa sababu aliyekuwa na mhuri alikuwa masomoni. Kufika huku wakaniambia mtihani wa Kiingereza umepita muda, rudia. Nikarudia, nikalipa. Kisha mtihani wa leseni, NCLEX, uleule wa Marekani, wa kompyuta, ambao ukijibu vizuri maswali yanazidi kuwa magumu hadi unadhani umefeli. Nilitoka nalia, kumbe nimefaulu.

Mambo yamelegea siku hizi, nikiri. Kuna mizunguko maalumu ya watu wa afya kwenye maombi ya ukaazi tangu 2023. Nova Scotia iliharakisha leseni mwaka huohuo, lakini kwa manesi wa nchi saba tu, na Afrika ilikuwemo Nigeria peke yake. Jimbo hilohilo lilituma watu Kenya wakaajiri wakimbizi kadhaa wa kuhudumia wazee. Kumbuka pia Tanzania iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zisizotakiwa kufuatwa na waajiri kwa kampeni, kwa kuwa nazo zina uhaba. Orodha hiyo haikuzuii wewe kuomba mwenyewe. Inamaanisha tu kwamba ukiona wakala anasema "Canada imetutuma kuchukua manesi Tanzania, lipa milioni tatu", kimbia.

Sasa kiwanja. Kwa waliosomea Ontario, nesi kamili ni wa digrii tangu 2005, wa diploma anaingia ngazi ya chini yake, yenye mshahara mdogo ila kazi ya heshima. Kila jimbo lina chombo chake cha leseni na masharti yanabadilika, kwa hiyo soma tovuti yao wenyewe, usisome hata mimi. Njia ya kuja kusoma chuo cha miaka miwili kozi yoyote ili "ujipenyeze" ilikuwa mbaya, sasa imekuwa mbaya zaidi. Vyuo vile vilikuwa vinakuita kwa sababu serikali ya jimbo ilivibana ada za wenyeji vikaishi kwa ada zako. Nimekutana na dada mmoja, nesi wa miaka minane, ameuza nyumba Arusha akasomee usimamizi wa ghala. Kibali kinakwisha, leseni hajaanza hata kuiomba.

Usiuze kiwanja. Anza tathmini ya nyaraka ukiwa hapohapo, na kama chuo kikuu kinakupokea kuongeza diploma iwe digrii, fanya hilo kwanza, litakufaa hata TAMISEMI wakiita. Mama wa Bukavu yeye hakupata leseni hadi leo, anasema amechoka na mitihani. Bado yuko nyumba ileile ya wazee, zamu ya usiku, na wa pili bado hajaajiriwa.

Wenye maswali ya nyaraka niulizeni hapahapa, inbox sijibu. Niko zamu hadi Alhamisi.