Mama Anakumbuka ya Zamani, ya Asubuhi Anayasahau

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 76. Nyimbo za kanisani anaziimba zote na mtori anaupika vizuri, lakini nikimtembelea asubuhi, mchana anauliza mbona sijafika. Mwanangu amesoma kwamba protini huuziba ubongo. Mbona basi ya zamani yamebaki? Na je, haziwezi kuondolewa? – Msomaji, Pasua, Moshi

JIBU: Pole kwa kuuguza. Mwanao amesema kweli, ila protini hizo haziuvamii ubongo wote kwa mpigo. Katika ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu kumbukumbu polepole, ziko mbili: amiloidi, inayojikusanya nje ya seli za neva kwa miaka 15 au zaidi kabla ya dalili, na tau, inayojisokota ndani ya seli. Kiasi cha amiloidi hakilingani sana na usahaulifu wa mgonjwa. Tau ndiyo inayokwenda sambamba nao.

Tau huanza kuharibu eneo la hipokampasi na jirani zake, lililo ndani ya kichwa upande wa masikio, ambako kumbukumbu mpya husajiliwa. Kutoka hapo huelekea zaidi kwenye sehemu zilizounganishwa na eneo hilo, kama maji yanavyofuata mfongo (mfereji wa kumwagilia) badala ya kutapakaa mlima mzima, na mawasiliano kati ya sehemu zilizozoea kufanya kazi pamoja hulegea. Ziara yako ya asubuhi huenda haikusajiliwa kabisa, kwa hiyo kumkumbusha kwa ukali ni kumwonea. Nyimbo na mapishi, aliyoyarudia maisha yake yote, hutegemea mitandao mingine ya ubongo ambayo ugonjwa huchelewa kuifikia.

Wala asilaumiwe mtu kwa uchawi: utafiti uliofanywa wilayani Hai ulikuta ugonjwa wa kusahau kwa takriban wazee 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi.

Kuhusu kuondoa protini, dawa ya lekanemabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, hupunguza amiloidi. Katika majaribio ya miezi 18 ilipunguza kasi ya kudorora kwa takriban asilimia 27, lakini haikurudisha kilichopotea, na inaweza kusababisha uvimbe au kuvuja damu ubongoni.

Kabla ya kuwazia dawa ya aina hiyo, mpeleke mama hospitalini apimwe tezi ya shingo, vitamini B12, shinikizo la damu na sonona, kwa sababu baadhi ya sababu hizo za kusahau hutibika, nami kwa barua pekee siwezi kuthibitisha kwamba ana Alzheimer.