Rafiki kaikataa rock yangu, nimpe albamu gani?

SWALI: Mambo vipi mhariri, mi mpenzi wa rock ya progresivu, zile ngoma ndefu za miaka ya 70. Nikampa rafiki angu albamu ya Close to the Edge ya bendi ya Yes, kasema kelele tupu. Alafu kimoyomoyo naipenda sana albamu ya kwanza ya bendi ya Asia ya 1982 ila washkaji wanaicheka eti pop. Nifanyeje?

JIBU: Sasa we nawe! Mtu mgeni unamuanzishia wimbo wa dakika 18 na ushee, unameza upande mzima wa santuri, unaanza na ndege na maji, ghafla gitaa linavurugana na dramu hata kabla mtu hajaanza kuimba, ulitegemea nini? Mpe The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd (1973), nyimbo zimeungana ila kila mmoja unashikika. Au Moving Pictures ya Rush ya 1981, wa kwanza hauzidi dakika tano na dramu za Neil Peart zitamnasa zenyewe. Bendi ya King Crimson subiri kwanza. Na tafadhali usimkodolee macho akisikiliza, inakera.

Kuhusu Asia, aibu ya nini? Steve Howe katoka Yes, John Wetton katoka King Crimson, Carl Palmer katoka Emerson, Lake & Palmer, hao ni mafundi walioamua kutunga viitikio vitamu basi. Tena huyo rafiki ako mpe hiyohiyo, ataipenda kuliko zote.