Rangi ya kumwaga imenipasukia katikati

SWALI: Shikamoo dada. Mi niko Moshi, nimeanza kuchora mwaka huu. Nilienda na wenzangu Materuni kuangalia maporomoko, nikarudi nataka kuyaweka kwenye kanvasi vile maji yanavyogonga mawe. Nikapaka woliputi nene nikaunda mawe, jioni hiyohiyo nikamwagia akriliki (ile rangi ya kuchorea ya maji) ya bluu, kijani na nyeupe, kama nusu lita kwenye kanvasi ya sentimita 40 kwa 50, afu nikakausha na draya ya nywele. Asubuhi nakuta imepasuka katikati kama tope la jaruba, mawe hayaonekani, na nyeupe niliyotaka iwe povu imezama. Nimeumia sana maana rangi zenyewe bei. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Mipasuko kwanza. Akriliki inakauka kwa maji yake kutoka, na yanatokea juu, sasa ukimwaga nene juu panashika ngozi wakati chini bado pabichi, chini pakija kukauka panasinyaa panaivuta ile ngozi inachanika, na we ukaiwahisha kwa draya. Katikati ni kwa sababu kitambaa cha kanvasi kinabonyea kwa uzito, panakuwa kama bakuli, rangi yote inakimbilia hapo. Mi kazi zenye mawe nafanyia kwenye plaiwudi, naipaka rangi nyeupe ya maji pande zote mbili isipinde.

Nusu lita ni nyingi mno, kwa saizi hiyo mililita 250 zinatosha na bado nyingine itachuruzika pembeni. Changanya rangi na gundi nyeupe ya mbao, maji tia kidogo kidogo, mpaka ukiinua kijiti ule uzi unaodondoka ukae juu sekunde moja au mbili ndo upotee. Usilainishe kwa maji matupu, rangi inakosa nguvu ya kushika.

Mawe nayo yalikuwa mabichi. Changanya woliputi na gundi hiyohiyo, acha siku mbili tatu yakauke mpaka ndani. Na usijaze mawe kila mahali! Kule Materuni maji hayapandi kila jiwe, yanatafuta pa kupita, kwaiyo acha vijia kati ya mawe, mwaga juu kabisa halafu inamisha ubao taratibu sana, rangi itafika kwenye jiwe itagawanyika, itapita huku na huku, itakuja kukutana tena chini yake na kuacha mkia mwembamba. Hapo simama, usiinamishe tena, huo mkia ndo maji yenyewe, ukiendelea unaufuta.

Nyeupe kuzama wala sio kosa lako. Nyeupe nyingi zina unga wa madini ya titani, ni nzito kuliko rangi nyingi, ukiiweka juu inashuka na ya chini inapanda. Mchoraji wa Meksiko, David Alfaro Siqueiros, alikuwa anamwaga rangi hivyohivyo kwenye karakana yake New York mwaka 1936, na kijana Jackson Pollock, Mmarekani aliyekuja kuwa mchoraji maarufu, alikuwepo, na uzito huo wa rangi ndo uliokuwa unawatengenezea yale maua na vishimo. Kwaiyo nyeupe mwaga chini, bluu juu yake, hapo hazitabadilishana nafasi. Povu ngoja mpaka kazi ikauke, chukua brashi kavu yenye nyeupe kidogo sana, pitisha juujuu kwenye vichwa vya mawe tu.

Kukausha, weka ubao sawa kwa pimamaji ya fundi ujenzi, zima feni, funika na boksi lisiloigusa rangi, siku 3 usiinyanyue.

Ile iliyopasuka usiitupe, isugue na msasa wa maji, ziba nyufa, paka nyeupe, uanzie hapohapo. Na rangi inayobaki usiimwage kwenye sinki wala mferejini, iache kwenye kopo ikauke uibandue kama plastiki.

Ukimaliza nitumie picha, nataka kuona hasa pale chini ya jiwe kubwa.